Mbawa za Mianzi na Swali la Mkia

Sisi wakazi wa Mbingu, katika bonde la Kilombero, tumezoea utani unaoletwa na jina la mahali petu. Tukifika Ifakara kwa mahitaji ya nyumbani, hakosekani mtu wa kutuuliza kama huko mbinguni tunakotoka mvua imeshanyesha. Utani huo ulikoma kutuchekesha siku tulipogundua kwamba kijana wetu, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, alikuwa akijiandaa kupaa kwelikweli.

Yalikuwa majira ya baada ya mavuno ya mpunga. Nyuma ya banda la kuku tulikuta mbawa mbili za mianzi, zimeungwa kwa kamba ya katani na vipande vya tyubu ya baiskeli, kisha zikavikwa turubai jepesi. Kutoka ncha hadi ncha zilikuwa mita 6, na eneo lake lilikaribia mita 8 za mraba. Katikati palikuwa na nafasi ya mtu kupenyeza kifua na mikono. Tulipomuuliza hakuficha. Alikusudia kukimbia nazo kwenye mteremko ulio chini ya milima ya Udzungwa, mpaka hewa imchukue.

Tunakiri kwamba mmoja wetu aliingia jikoni kuchukua kiberiti. Mwingine akasimama mlangoni akasema: "Tukizichoma hizi, ataunda nyingine mahali ambapo hatutaziona." Maneno hayo yakatutuliza sote. Baada ya swala ya Isha tulimwita kijana, tukamwambia: "Mwanetu, hebu tufundishe unachokijua."

Alileta daftari lililojaa michoro. Alikuwa amejifunza mwenyewe, kwa kitabu chake cha fizikia na kwa simu. Alitutajia Gabriel Nderitu wa Kenya, aliyeunda ndege nyumbani kwake kwa maarifa aliyoyakusanya kwenye intaneti. Kisha akaanza somo. Bawa lina mgongo uliopinda kidogo. Likiukabili upepo kwa pembe ndogo, huisukuma hewa chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kuinua huongezeka mara nne. Lakini pembe ikizidi mno, hewa huachana na mgongo wa bawa, nguvu hupotea ghafla na chombo huporomoka. Glaida, yaani ndege isiyo na injini, huipata kasi yake kwa kushuka. Ndiyo sababu mwewe hutafuta hewa ya moto inayopanda juu ya mashamba makavu, akazunguka humo kwa muda mrefu bila kupiga bawa.

Alituonesha pia vielelezo vidogo vya karatasi ngumu. Kimoja, chenye donge la udongo puani, kiliachiwa kutoka urefu wa mita 2 kikateleza hewani hadi umbali wa mita 12. Alipokiondoa kile kidonge, kiliinua pua, kikasita, kikaanguka palepale. Udongo ule mdogo, alisema, ndio unaokiweka kitovu cha uzito mahali pake. Tukakumbuka aya ya 19 ya Suratul Mulk, inayotuelekeza kuwatazama ndege wanapokunjua na kukunja mbawa zao. Miaka yote tumeisoma aya hiyo, lakini ni mara chache tuliinua macho.

Nasi tulikuwa na la kumpa. Tulimsimulia habari za Abbas bin Firnas wa Cordoba, katika Andalusia ya karne ya 9. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, ameeleza kwamba Ibn Firnas alijivika manyoya na mbawa, akaelea hewani kwa umbali wa kutosha, lakini katika kutua akaumia mgongo, kwa kuwa hakuutilia maanani mkia ambao ndege huutegemea anapotua. Tukamsimulia pia Ismail bin Hammad al-Jawhari, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiarabu iitwayo As-Sihah. Imepokewa kwamba mwanzoni mwa karne ya 11, mjini Nishapur, alijitupa kutoka juu ya msikiti kwa mbawa za mbao, akafa. Wote wawili walikuwa watu wa elimu. Elimu haikukosekana, kilichokosekana ni subira ya kulijaribu jambo kabla ya kuliwekea roho rehani.

Kijana akajibu kwa adabu kwamba Otto Lilienthal wa Ujerumani alifanikiwa. Ni kweli. Lilienthal aliwachunguza korongo, wale wale ambao huja Afrika Mashariki kukimbia baridi ya Ulaya, na mwaka 1889 akaandika kitabu juu ya kuruka kwa ndege. Kuanzia mwaka 1891 aliteleza hewani mara zipatazo 2,000. Lakini glaida yake iliyojulikana zaidi ilikuwa na mbawa za mita 13 za mraba, naye aliiongoza kwa kuusogeza mwili wake tu. Tarehe 9 Agosti 1896 alianguka, na kesho yake akafariki.

Ndipo tukamuuliza maswali mawili. La kwanza: "Mbawa zako zina mkia?" Hazikuwa nao. La pili: "Je, zinahitaji kasi gani ili zikubebe?" Hesabu hiyo alikuwa hajaifanya. Akaifanya mbele yetu kwa mwanga wa taa. Uzito wake ni kilo 55, na mbawa kilo 20. Jumla kilo 75. Kwa eneo la mita 8 za mraba, jibu lilitoka karibu kilomita 45 kwa saa. Usain Bolt, alipoweka rekodi ya mita 100 mjini Berlin mwaka 2009, hakuifikia kasi hiyo hata katika kilele chake, naye hakuwa na mianzi mgongoni. Upepo wa mbele ungeweza kupunguza deni hilo, lakini upepo wa kwetu haufuati ahadi. Kijana aliirudia hesabu mara tatu. Kisha akaifunga daftari bila sisi kumkataza neno.

Hatukutaka jambo liishie hapo, kwa kuwa kijana aliyevunjwa moyo ni hasara nyingine. Tulimweleza kwamba ndugu wawili Wright wa Marekani, kabla ya kuruka kwa injini mwaka 1903, walizirusha glaida zao kama tiara zikiwa hazina mtu. Tukaafikiana: mbawa zitiwe mkia, zifungwe kwa kamba imara, na mahali pa mtu pawekwe mfuko wa mchanga.

Siku ya upepo mzuri tulikwenda sote kwenye shamba lililovunwa. Mbawa ziliinuka na mfuko wa kilo 20, zikatulia juu ya vichwa vyetu kwa muda mfupi, na tukasikia sauti za takbiri kutoka kwa watoto wa jirani. Ghafla mwanzi wa katikati ukalia, ukavunjika kwenye kiungo. Mfuko ulianguka ukapasuka. Kijana aliutazama mchanga uliotapakaa juu ya mabua kwa kitambo, akasema polepole: "Baba, Mama, pale ningekuwa mimi." Hatukuongeza neno.

Ndugu wazazi, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu juu ya ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kwetu sisi hesabu, mkia na mfuko wa mchanga ndiyo kamba ya ngamia. Laiti tungewasha kile kiberiti, tungemnyima kijana elimu, na pengine tungemsukuma kwenye mteremko ule kwa siri. Sasa anaunda kielelezo cha nne, na amekubali kwamba hatapanda chombo chochote mpaka apate mwalimu aliyefuzu kazi hiyo. Jioni mwewe wakizunguka juu ya mashamba, hukaa nje na daftari lake, nasi siku hizi hukaa naye.

Wabillahi tawfiiq.