Soketi Iliyokuwa ya Kila Mtu

Katika miaka ya kwanza ya magari ya umeme Uingereza, nguzo nyingi za kuchajia zilikuwa na soketi ileile ya ukutani jikoni: matundu matatu, ampea 13. Nissan Leaf iliingia sokoni huko mwaka 2011. Mwaka huohuo London ikazindua mtandao wa nguzo ulioitwa Source London, na kampuni ya Ecotricity ikaanza kusimika nguzo zake kwenye vituo vya mapumziko vya barabara kuu, ya kwanza ikiwa South Mimms, kaskazini mwa jiji. Magari yenyewe yalikuwa machache mno. Nguzo zilishinda zimesimama bila mteja, na nyingi zilitoa umeme bure au kwa kadi ya ada ndogo.

Sisi wenye kampavan, magari ya kulala ndani, tuliziona mapema. Kampavan ina betri mbili. Ya mbele huwasha injini. Ya pili hukaa chini ya kiti au ndani ya kabati, na hiyo ndiyo inayobeba nyumba: taa, pampu ya maji, feni ya hita, simu za watoto. Yetu ilikuwa betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ambayo kwa hesabu ni kilowati-saa 1.2. Betri ya risasi huharibika ukizoea kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo kila mara tulichotakiwa kurudisha kilikuwa kilowati-saa 0.6 hivi. Gari la umeme la siku hizi hubeba kilowati-saa 50 au 60, na yako yanayozidi hapo. Haja yetu ilikuwa ndogo kiasi cha kutoonekana kwenye bili ya mtu yeyote.

Lakini ilikuwa haja kweli. Mwezi wa kumi na moja, kaskazini mwa Uingereza, jua linazama saa kumi jioni na paneli ya sola juu ya paa haina la kufanya. Hita hutumia gesi, ila feni yake inataka umeme, na feni ikisimama usiku watoto wanaamka wanatetemeka. Kambi nyingi hufungwa msimu wa baridi. Ndipo tulipoingia kwenye maegesho ya halmashauri ya mji fulani mdogo, yaliyokuwa na nguzo mbili kwenye kona ambazo hazikuwa na gari hata moja. Mlinzi wa pale, mzee mwenye koti la njano, alitutazama tukisoma maandishi ya nguzo, akaja mwenyewe, akafungua kifuniko kwa ufunguo wake na kutuambia tuchomeke, maana hakuna anayeitumia. Tulitoa waya wetu wa kambini, tukaweka adapta, taa ya chaja ikawaka. Mke wangu alimpelekea kikombe cha chai. Tulipopita mji ule tena hatukuhitaji hata kuomba. Akituona tu, anatafuta ufunguo.

Ninapomkumbuka mzee yule, kumbukumbu hainiishii Uingereza. Nililelewa Bungoma, Kenya, katika nyumba isiyokuwa na stima, na televisheni yetu ya Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, iliendeshwa na betri ya gari. Kila ilipokwisha nguvu niliifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu nikaipeleka sokoni, kwa fundi aliyekuwa na chaja kubwa pembeni ya mashine ya kusaga. Betri za watu wote zilipangwa sakafuni kwake: za matatu, za trekta, za redio ya kanisa, na yetu. Alifungua vifuniko, akavuta asidi kidogo kwa kipimo chake cha kioo, akatazama kichwa cha kipimo kinaelea wapi, akatikisa kichwa. “Kijana, mwambie baba asiikaushe namna hii. Betri ikikauka inakufa ndani.” Hakuwahi kueleza kemia yake, lakini alikuwa anasema kweli tupu. Betri ya risasi ikiachwa bila chaji, salfeti hujijenga juu ya sahani zake na kugeuka fuwele ngumu, na baada ya hapo hakuna chaja inayoirudisha yote. Kombe la Dunia la 2002 tulilitazama kwa kazi ya mikono yake.

Fundi yule hakumuuliza mtu betri ni ya nini. Alitazama volti, akaunganisha nyaya, akapokea pesa zake. Naamini ndiyo sababu nguzo zile za mwanzo za Uingereza niliziona za kawaida kabisa. Kwangu mimi mahali pa kuchajia palikuwa mahali pa kila betri.

Mambo yakageuka, na nitakuwa mwongo nikisema yaligeuka bila sababu. Soketi ya jikoni haikuundwa kubeba mkondo mkubwa kwa saa nane mfululizo. Plagi zilipata moto, nyingine ziliyeyuka. Kampuni ya Mennekes ya Ujerumani ilikuwa imebuni soketi ya matundu 7 inayoitwa Type 2, na mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ukaagiza kwamba nguzo mpya za umma za umeme wa kawaida ziwe nayo. Kwa gari la umeme lilikuwa jambo jema sana. Matundu mawili kati ya yale saba hayapitishi umeme wa kuchajia. Kazi yake ni mazungumzo. Nguzo hutuma volti 12 kwenye waya mwembamba na kungoja. Gari likichomekwa, rizista iliyo ndani yake huzishusha volti zile hadi 9, na nguzo ikajua kuna aliyefika. Gari likiwa tayari huzishusha hadi 6, na hapo ndipo swichi kubwa ndani ya nguzo hujifunga umeme ukapita. Kabla ya mazungumzo hayo matundu makubwa hayana kitu. Mtoto akiingiza kidole, hapati madhara.

Na bure ikaisha. Ecotricity ilianza kutoza mwaka 2016, na mwaka 2021 mtandao wake ukachukuliwa na kampuni ya Gridserve. Uskoti, ambako halmashauri nyingi zilitoa umeme bure kwa miaka, bei ziliwekwa moja baada ya nyingine. Soketi za ampea 13 ziling’olewa kila nguzo ya zamani ilipobadilishwa. Nguzo zimejaa sasa kila mji, kwenye maduka makubwa, kando ya taa za barabarani, na ninafurahi kuziona, kwa kuwa moshi wa dizeli nimeuvuta vya kutosha. Sheria ya 2023 imewalazimisha wenye nguzo kuonyesha bei kwa pensi kwa kila kilowati-saa, na nguzo za kasi lazima zifanye kazi kwa asilimia 99 ya muda. Mwenye gari la umeme ametetewa kama anavyostahili.

Mwenye betri ndogo ya volti 12 hakutajwa popote.

Wengine wamejaribu kujitajia wenyewe. Kuna adapta zinazouzwa zenye Type 2 upande mmoja na soketi ya buluu ya kambini, ya ampea 16, upande wa pili, na ndani yake rizista zinazoijibu nguzo kana kwamba ni gari. Nilikopeshwa moja na jirani wa kambini, nikaijaribu kwenye nguzo ya kilowati 7. Umeme ulikuja. Baada ya dakika chache ukakatika, na simu ikaniambia kwamba gari langu limejaa. Sababu yake ni rahisi kwa anayejua namba. Chaja yetu hutoa ampea 20 upande wa betri, ambazo upande wa nguzo ni ampea moja na nusu tu, ilhali lugha ya nguzo inaanzia ampea 6. Nguzo nyingine zikiona mkondo mdogo namna ile huhesabu kazi imekwisha na kujifunga. Ni sawa na kupeleka kikombe kwenye bomba la wazima moto. Nguzo za kasi ndizo haziwezekani kabisa: hizo huipita chaja iliyo ndani ya gari na kupeleka mkondo mnyoofu wa mamia ya volti moja kwa moja kwenye betri ya gari.

Kuna pia suala la athi, ambalo wauza adapta hawalisemi kwa sauti. Kanuni za umeme za Uingereza za 2002 zinakataza athi ya mfumo unaotumika katika nyumba nyingi za huko isiunganishwe na bodi ya chuma ya karavani au mashua. Waya wa nyutro ukikatika barabarani, bodi nzima inaweza kushika umeme, na mtu aliyekanyaga ardhi yenye maji huku ameshika mlango ndiye anayeupitisha kwenda chini. Nguzo mpya za magari zina kinga dhidi ya hatari hiyo. Waya unaoburutwa kutoka soketi ya karakana au duka hauna. Ndugu zangu mnaonunua kampavan, na sasa tuko wengi, Wakenya na Watanzania wa Leicester, wa Reading, wa Milton Keynes, hili lichukueni kwa uzito kuliko bei.

Nimelifikiria pia kwa upande wa mwenzangu mwenye gari la umeme. Betri ya risasi hupokea haraka mwanzoni kisha hupunguza, na sehemu yake ya mwisho huchukua saa nyingi hata ukiipa umeme wote wa dunia. Kampavan ikikaa saa sita kwenye nafasi ya kuchajia ili ipate nusu kilowati-saa, kuna muuguzi atakayetoka zamu akute nafasi imezibwa na hana umeme wa kumfikisha nyumbani. Mzee wa koti la njano alitufungulia wakati nguzo zilikuwa hazina wa kuzitumia. Angekuwepo leo angekataa, na angekuwa na haki.

Kwa hiyo siombi nguzo za magari zirudi kuwa zetu. Kilichoniuma ni kwamba soketi ndogo iling’olewa na hakuna aliyewaza iwekwe wapi. Ufaransa, miji midogo mingi ina sehemu za kampavan ambako nguzo fupi hutoa maji na umeme kwa sarafu, na meya ndiye anayezitunza, kwa sababu anajua wageni wale watanunua mkate na nyama asubuhi. Ujerumani vivyo hivyo: unatumbukiza yuro moja, unachomeka waya wako wa buluu, unalala. Teknolojia yake ni ya babu zetu. Swichi ya kinga, mita, na soketi ya ampea 10 au hata 6. Uingereza, yenye vilabu vya kambi tangu 1901, ina halmashauri chache sana zilizofanya hivyo.

Siku hizi tuna betri ya lithiamu, inayopokea chaji kwa kasi na kuvumilia kushushwa, na kifaa kinachoichaji kutoka kwenye alteneta tukiwa njiani. Vimegharimu fedha nyingi ambazo familia nyingi za kampavan kuukuu hazina. Wastaafu wanaoishi ndani ya magari haya mwaka mzima kwa kushindwa kodi ya nyumba hawana pia, na hao ndio ninaowawaza zaidi baridi inapoingia.

Halmashauri zinachimba mitaro ya nguzo mpya kila mwaka, na waya mkubwa wa umeme tayari unapita mle. Nawaomba madiwani, na ninaomba kila msomaji aliyeko Uingereza mwenye kura aiandikie halmashauri yake: mtaro ukiwa bado wazi, wekeni pembeni soketi mbili za buluu za kulipia, nje ya nafasi za magari ya umeme.