Kijibwa Kizungukacho Baada ya Kula

Mbwa akianza kuzunguka uani, akatokwa na mate na kumtazama bwana wake kama asiyemjua, watu wa Bujumbura hutamka neno moja tu: kichaa. Nao hawana makosa. Kichaa cha mbwa kingalipo Burundi, na mtu akishaonyesha dalili zake ni nadra mno kupona. Hata hivyo yako maradhi mengine yenye sura inayokaribiana na hiyo, yasiyoambukiza mtu wala mnyama, na ambayo hutunzika. Hayo ni kasoro ya mshipa wa ini. Huwapata zaidi mbwa wadogo wa mbegu za kigeni, kama Yorkshire Terrier na Maltese, ambao baadhi ya jamaa za Kiriri, Rohero na Kinindo wamekwisha kuwazoea vyumbani mwao.

Kwa desturi damu itokayo matumboni hupita kwanza katika ini, kama shehena ya bandarini ipitavyo forodhani kabla ya kuingia mjini. Humo husafishwa sumu, hasa amonia, ambayo hutokea protini ya chakula inapovunjwavunjwa na vijidudu vya utumbo. Mbwa mwenye kasoro huzaliwa na mshipa wa ziada uliopita kando ya ini, mithili ya njia ya panya. Damu huingia mwilini pamoja na sumu zake na kufika hata kwenye ubongo. Na ini, kwa kuikosa damu hiyo, hudumaa.

Katika nyumba moja ya Kinindo kijibwa cha miezi saba kilikuwa kikila ndagala kwa pupa, kisha baada ya saa moja au mbili kikawa kinajigonga kwenye samani na kusukuma kichwa ukutani kama kipofu. Kesho yake asubuhi kilicheza vyema. Mlinzi wa lango akasema, "Mama, huyu ana kichaa, aondolewe kabla hajawauma watoto." Mwenye nyumba alikuwa na daftari la matumizi ya jikoni. Alipolipitia aliona kwamba siku mbaya zote zilikuwa siku za ndagala au nyama. Siku za wali na yai zilipita salama. Daftari hilo lilimfaa sana daktari wa mifugo kuliko maelezo yoyote, kwa maana kichaa hakiji na kuondoka kwa kufuata chakula. Kikishaonekana huzidi tu, na mbwa hufa kwa muda wa siku chache.

Lakini asidanganyike mtu kupima mwenyewe. Mpaka daktari aseme, mbwa afungiwe peke yake, wala mkono usiingizwe kinywani mwake. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuuliza chanjo.

Dalili nyingine ni za polepole. Kijibwa hubaki kidogo kuliko ndugu zake wa tumbo moja, hunywa maji mengi, hutapika, na pengine hukojoa kwa shida au mkojo wenye damu, kwa sababu ya vijiwe vya kibofu ambavyo mara nyingi havionekani vizuri katika eksirei. Daktari hupima chumvi za nyongo katika damu kabla ya mlo na tena saa 2 baada yake; mshipa wenyewe hutafutwa kwa kipimo cha mawimbi ya sauti.

Chakula ndicho dawa ya kwanza. Protini haiondolewi kabisa, kwani mtoto wa mbwa hukua kwayo, hubadilishwa tu. Mayai, jibini na soya humdhuru kidogo kuliko nyama, maini na samaki. Apewe pamoja na wali usiotiwa kitunguu, kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Daktari huongeza laktulosi, dawa tamu ya maji ileile wapewayo watu waliofunga choo: huizuia amonia matumboni na kuitoa nje. Mara nyingine huongeza antibiotiki. Vidonge vya maumivu vya binadamu visimkaribie.

Dawa hizi hutuliza tu, haziuzibi mshipa. Tiba yenyewe ni upasuaji: mshipa mbaya huvikwa pete maalumu ifurayo taratibu, ukazibika kwa wiki kadhaa. Ukifungwa ghafla, ini changa hulemewa na damu. Ni kazi ya daktari bingwa mwenye vifaa, na gharama yake si ya kila jamaa; wapo mbwa waishio miaka kadhaa kwa chakula na laktulosi pekee. Mbwa wa namna hii asizalishwe. Na ikiwa atahasiwa, daktari aambiwe habari za ini kabla ya sindano ya usingizi, kwani mbwa mwenye kasoro hii hukawia sana kuamka.