Mjomba, Redio na Kioo cha Masafa

Sisi tuliolelewa katika nyumba yenye redio moja tunajua kwamba chombo hicho hakikuwa cha mtu mmoja. Kiliwekwa barazani, jirani akaja na kigoda chake, na mwenye redio ndiye aliyeshika kitufe. Katika mtaa wetu mshika kitufe alikuwa mjomba wangu. Hata leo, ingawa macho yake yameingia giza miaka mingi, mkono wake huipata stesheni yake ya ng'ambo katika mita 49 upesi kuliko mimi ninayeziona namba.

Mwaka jana redio hiyo ilianza kukoroma. Kila jioni baada ya magharibi mvumo mzito ulitanda juu ya sauti ya msomaji wa habari, na haukuondoka mpaka watu walipokwenda kulala. Nilimwambia mjomba kwamba redio imezeeka. Akanijibu, "Redio si mgonjwa, mpwa wangu. Kuna kitu kinaikaba koo." Nilinyamaza kwa adabu, lakini moyoni nilikwisha kata shauri kwamba tatizo ni uzee, wa redio na wa mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nadhani ualimu ndio ulionipa ujasiri wa kutomsikiliza.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa redio, aliniazima kichanganuzi cha masafa, yaani chombo kinachoyapokea mawimbi ya redio na kuyapanga juu ya kioo, kila wimbi mahali pake. Kilikuwa kidogo, cha kushika mkononi, chenye betri na waya wa kunasia mawimbi. Nilikiwasha barazani nikaona mstari unaotetemeka kama nyasi zilizopigwa na upepo, na juu ya nyasi hizo vichuguu vitano. Nikafurahi. Nikamwambia mjomba kwamba nimeziona stesheni tano.

Haya yalikuwa makosa, na yalitanguliwa na mengine. Katika maabara ya shule nilizoea osiloskopu, ambayo mstari wake wa chini hupima wakati: kilicho kushoto kimetangulia, kilicho kulia kimefuata. Kwa hiyo nilikaa kitako nikingoja vichuguu vile visogee. Havikusogea, kwa sababu mstari wa chini wa kichanganuzi haupimi wakati. Unapima masafa.

Nilipomweleza mjomba hivyo aliuliza, "Masafa ya kutoka wapi hadi wapi?" Swali lake lilinishika. Katika Kiswahili cha kila siku masafa ni umbali wa njia, na tulipoanza kusema "masafa mafupi" na "masafa ya kati" tulikuwa tukisema habari ya urefu wa wimbi, jambo ambalo kweli hupimwa kwa mita. Baadaye neno lilelile tukalipa kazi ya kutaja idadi ya mitetemo ya wimbi katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Heinrich Hertz. Mambo hayo mawili ni ndugu lakini si mamoja. Wimbi la kilohezi 6,000 hutetema mara milioni 6 kwa sekunde, na urefu wake ni mita 50. Mitetemo ikiongezeka, urefu hupungua. Nimefundisha habari hii miaka mingi, wala sikupata kumweleza mwanafunzi yeyote kwamba tunatumia neno moja kwa vitu viwili vinavyokwenda kinyume. Pengine ndiyo sababu wengi wao hudhani kwamba stesheni iliyo upande wa kulia wa kioo ni ya mbali zaidi.

Mjomba nilimweleza kwa marimba. Mstari wa chini ni vipande vya marimba vilivyopangwa kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Urefu wa kichuguu ni nguvu ya pigo juu ya kipande hicho. Hapo alinielewa. Kimo chenyewe husomwa kwa desibeli, nacho kina mtego wake, kwa kuwa kila desibeli 10 ni kuzidisha nguvu mara 10. Kichuguu kilichopanda desibeli 40 juu ya nyasi kimezizidi mara 10,000. Tena namba zote zilikuwa za hasi, kwani chombo hulinganisha kila kitu na miliwati moja. Desibeli 100 chini yake ni sehemu moja ya bilioni 10 ya miliwati. Redio ya mjomba huishi kwa makombo ya namna hiyo.

Siku ya pili nilirudi kuvitazama vile vichuguu nikaingiwa na shaka. Vilikuwa vipana, vikiyumbayumba, na kutoka kimoja hadi kingine palikuwa na nafasi ileile ya kama kilohezi 60. Stesheni hazipangwi hivyo. Stesheni ya masafa mafupi husimama wima na nyembamba kama mlingoti, mabawa mawili ya sauti yakiwa ubavuni, nayo kwa kawaida hukaa penye namba inayogawanyika kwa 5. Vyangu havikuijali kanuni hiyo. Vilikuwa kama meno ya kitana.

Fundi alikuwa amenionyesha namna ya kupunguza upana wa dirisha ambalo chombo huchungulia kwalo. Mvua ikinyesha, beseni hukusanya maji mengi kuliko kikombe. Lakini maji ya mlizamu yaangukayo mahali pamoja huingia sawasawa katika vyote viwili. Mvumo ni mvua, stesheni ni mlizamu. Nilipopunguza dirisha kutoka kilohezi 10 hadi hezi 100, nyasi zilishuka desibeli 20, vichuguu navyo vikanywea, na katikati yao ukasimama uzi mmoja mwembamba. Mjomba aliponitajia namba ya stesheni yake, ilikuwa ndiyo hiyo. Muda wote ule ilikuwapo.

Nikawaambia watoto wazime vitu vya umeme, kimoja kimoja. Jokofu, hakuna badiliko. Chaja ya simu, hakuna. Ilipozimwa taa ya barazani, nusu ya kitana ilianguka. Zilipozimwa nyingine mbili, kioo kilitulia, na sauti ya msomaji wa habari ikatoka safi.

Taa hizo nilizileta mimi, mwaka uleule, zile za bei nafuu zenye kisaketi cha kubadili umeme ndani yake. Nilizifunga kwa mkono wangu katika nyumba ya mtu asiyeona, nikashukuriwa.

Mjomba hakusema neno. Aliongeza sauti tu.

Taa mbili nimezibadilisha. Ya tatu iko juu ya meza wanaposomea wajukuu, na mbadala wake bado nauwekea fedha. Basi inapofika saa ya habari wao hufunga madaftari, nasi sote hukaa gizani. Juzi jirani alipita akauliza kama umeme umekatika tena.

"Umeme upo," mjomba akamjibu. "Vuta kigoda, tunasikiliza."