Nusu Kikombe

Ukitaka kuijua Kalamba, msomaji, panda baiskeli, ufunge kibweta cha rangi za maji nyuma yako. Kwa motokaa hutaona kitu. Kusini ya huku iko milima ya Chyulu, ambako mwaka 1938 Joy Adamson, kabla hajalipata jina hilo, alichora maua ya porini. Mimi nilitaka mlima wa Nzaui tu.

Niliketi chini ya mgunga, mwiba wake ukiwa umekwisha kutoboa mpira wangu (hayo ni mazoea huku). Jua lilikausha rangi kabla brashi haijafika ukingoni, na kikombe changu kikawa kitupu. Akapita mama mmoja na punda, amebeba maji yaliyochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Nikamwomba kidogo.

"Ya kunywa, mwanangu?"

"Ya kuchorea, mama."

Akanitazama kitambo, kisha akanimiminia nusu kikombe, akasimama aone yatatumikaje. Ndiye aliyenionyesha kwamba udongo huu mwekundu, ukiwa kivulini, ni zambarau. Maji yalipokwisha sikuthubutu kuomba tena. Mpaka leo mbingu ya picha ile ni nyeupe.