Mraba chini ya kuba: barua kutoka Kilwa

 Shangazi, huku Kilwa Masoko jua ni kali. Leo asubuhi tumevuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, nami njia nzima nilikuwa nakuwaza wewe na darasa lako la pembenne.

Ukishuka tu unaliona Gereza, ngome ya Waomani iliyosimama pale Wareno walipojenga yao mwaka 1505. Nililipita haraka, maana roho yangu ilikuwa kwenye Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11, na paa lake lilikuwa bapa. Ile ya kusini, yenye makuba, iliongezwa baadaye, kuanzia zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331.

Simama chini ya kuba, Shangazi, utazame juu kisha chini. Juu duara, chini nguzo nne. Duara lina upana ule ule kila upande. Nguzo zikipangwa kwa mstatili, kuba litapwaya huku na kubana kule. Zikipangwa kwa rombasi, kona mbili zitakimbiana na mbili zitakaribiana, ingawa pande zote nne ni sawa. Mraba ndio unaolipokea duara bila ugomvi. Mstatili nao una paa lake, lile tao refu kama handaki, na matao hayo yamo humo humo msikitini. Wajenzi wale wa matumbawe na chokaa walijua hasa wanachokitenganisha!

Ndiyo maana siridhiki mtoto akijibu kwamba mraba ni "umbo lenye pande nne sawa". Kijijini nimemkuta fundi akipima msingi wa chumba kwa vigingi na kamba. Pande nne zilishalingana, lakini hakumruhusu kijana wake achimbe. Alivuta kamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha kwenye kona mbili zilizobaki. Kamba ya pili ilizidi kidogo, akasogeza vigingi mpaka zikalingana. Pande sawa zilimpa rombasi. Vilalo sawa, yaani zile kamba za kona kwa kona, ndivyo vilivyoinyoosha ikawa mraba. Angekuwa na msambamba wenye vilalo sawa lakini pande hazilingani zote, angepata mstatili tu. Kwa hiyo mraba ni mstatili na ni rombasi kwa wakati mmoja, na wanafunzi wasikatazwe kusema hivyo.

Kasri la Husuni Kubwa tulilifikia jua likiwa utosini. Lile birika lake lina pembe nane: chukua mraba, kata kona zake nne kwa kipimo kimoja, umelipata.

Kwa somo la Jumatatu, wape watoto vijiti vinne vya urefu mmoja, wavifunge kwenye ncha, wavisukume vilale, kisha wapime vilalo kwa uzi. Uniandikie walichokisema.

Wasalimie nyumbani.