Tumpelekee Nini Mwalimu?



Tumo katika kipindi cha Majilio, na kama ilivyo desturi yetu, jumuiya ndogo ndogo zimekwisha kuanza kuchanga kwa ajili ya kuwatembelea wagonjwa kabla ya Noeli. Juma hili viongozi wa jumuiya tatu wamenijia kwa nyakati tofauti na swali lile lile: “Padri, safari hii tumpelekee nini Mwalimu?” Wanayemuulizia ni mwalimu wa kwaya wa miaka mingi, ambaye sasa yumo kitandani katika ghorofa ya pili ya nyumba moja ya Mji Mkongwe. Mwenyewe ameniruhusu niandike habari hizi, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Swali hilo si dogo. Tumezoea kwenda kumkagua mgonjwa tukiwa na kilo ya sukari, mche wa sabuni na machungwa. Lakini mtu asiyeweza kushika kikombe, ambaye maji humpalia na ulimi wake umekuwa mzito, atafanya nini na kapu la machungwa? Nimewaona watu wema wakisimama mlangoni na vifurushi mikononi, wakaona haya, kisha wakapunguza kuja kwa sababu hawajui walete nini. Hiyo ndiyo hatari yenyewe: mgonjwa hukosa zawadi, kisha akawakosa na watu.

Madaktari huuita ugonjwa wake kwa herufi tatu, ALS. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1869, huko Paris. Katika ugonjwa huu hufa zile seli za neva zipelekazo amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli. Misuli isiyopata amri hudhoofu na kukonda: ya mkono, ya mguu, ya ulimi, ya koo, na mwishowe ile ya kupumulia. Hauambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa kumshika mgonjwa mkono. Wala haukutumwa na mtu mbaya, kama wanavyonong’ona wengine vibarazani. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Wengi huishi kati ya miaka miwili na mitano tangu dalili za kwanza, ingawa wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwanafizikia Stephen Hawking aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 21, naye alifariki dunia mwaka 2018. Mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya kupoteza sauti yake, alifanywa mjumbe wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi. Mwili ulikuwa umenyamaza, lakini bado alikuwa na la kuwafundisha wengine.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni yale ambayo ugonjwa huu kwa kawaida hauyaondoi. Masikio husikia, pua hunusa, ngozi huhisi, na macho huendelea kuona na kugeuka hata viungo vingine vikiwa vimelala. Akili nayo, kwa wengi, hubaki timamu, ijapokuwa wapo ambao fikra na tabia zao hubadilika. Basi anayemsemesha Mwalimu kama amsemeshavyo mtoto mchanga, au anayemuuliza mkewe “Amekula?” ilhali mwenyewe yupo anasikia, anamnyang’anya kitu ambacho maradhi yamemwachia.

Tukumbuke jinsi Bwana wetu alivyomtendea Bartimayo. Kila aliyekuwapo njiani aliona kwamba yule ni kipofu, na shida yake ilikuwa wazi. Hata hivyo Yesu alimuuliza kwanza anataka atendewe nini (rej. Mk 10:46-52). Kwa mfano huo, napenda kuwashirikisha mambo manne.

Kwanza, ulizeni, na mpeni mgonjwa njia ya kujibu. Vijana wa kwaya wametengeneza kibao cha herufi kwa karatasi ngumu na kalamu ya wino mzito. Msomaji hupitisha kidole, na Mwalimu huinua macho kinapofika kwenye herufi aitakayo. Mwanzoni walizipanga kwa utaratibu wa shuleni. Baadaye wakaona kwamba katika Kiswahili herufi A hutumika kuliko nyingine zote, na kwamba maneno yetu mengi huishia na irabu. Wakaanza na irabu, kisha wakaongeza mstari wa silabi kama “ku”, “na” na “wa”. Sasa sentensi iliyochukua robo saa huchukua dakika chache. Gharama yake haifikii bei ya katoni moja ya soda, na sijaona zawadi nyingine iliyoleta mabadiliko makubwa namna hiyo katika nyumba ile.

Pili, zawadi ilingane na hatua ya ugonjwa, maana kilichofaa mwezi wa Machi huenda kisifae mwezi wa Agosti. Mgonjwa ambaye bado anasema, msaidieni kurekodi sauti yake kwa simu: akiwaita wajukuu kwa majina, akisali Rozari, akisimulia alivyokutana na mkewe. Sauti ikishapotea hairudi. Kuhusu chakula, ulizeni wanaomlisha kabla ya kupika. Halua, kashata na karanga zaweza kumsonga, na vitu vyepesi kama maji na dafu hupalia upesi kuliko uji mzito ulioungwa kwa tui. Kuhusu mavazi, kikoi, au shati lililopasuliwa mgongoni na fundi, humfaa kuliko shati jipya lenye vifungo vingi. Tena tusisahau umeme. Wakazi wa Unguja hatujasahau mwezi mzima wa giza mwaka 2008, wala ile miezi mitatu tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Kwa mgonjwa anayetegemea mashine ya kumsaidia kupumua, saa chache za giza ni suala la uhai, na betri ya akiba au taa ya sola ni zawadi ya thamani kubwa.

Tatu, pelekeni kile ambacho bado anaweza kukipokea. Mleteeni asumini na mrehani, muweke karibu na mto. Msomeeni gazeti, hata habari za mpira, kama ndizo azipendazo. Kwaya ilikwenda kufanya mazoezi ya nyimbo za Noeli chumbani kwake. Walidhani wanakwenda kumfariji. Mara wakamwona amefumba macho kwa nguvu, ishara yake ya “hapana”, na kupitia kibao akawaambia kwamba sauti ya tatu inashuka. Wakarudia ubeti huo mara sita. Jioni ile hakuwa mgonjwa anayeimbiwa. Alikuwa mwalimu wao. Hata ngazi zile nyembamba na zenye mwinuko mkali, ambazo kiti cha magurudumu hakiwezi kuzipita, zimepata jawabu. Vijana wanne humbeba kila Jumamosi alasiri hadi Forodhani, akapigwe na upepo wa bahari. Wanaofahamu Injili watawakumbuka wale wanne wa Kapernaumu waliofumua paa ili rafiki yao afike mbele ya Yesu (rej. Mk 2:1-12).

Nne, mkumbukeni anayemtunza. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani lazima ageuzwe, na anayemgeuza usiku kucha ni mkewe. Usiku mmoja wa usingizi kwa mama yule ni zawadi kwa wote wawili. Jirani yao Mwislamu, mwanamke wa makamo, hukaa na Mwalimu kila asubuhi ya Dominika ili mkewe aweze kuja Misa. Hakuombwa na mtu, alibisha hodi akasema, “Nenda kasali, mimi nitamwangalia.” Mwaka 1860, Padri Fava na wenzake, wakiwamo masista, walipofika Unguja kutoka Réunion, kutunza wagonjwa kulikuwa miongoni mwa kazi zao za kwanza. Sisi tuliorithi kazi hiyo leo tunaikuta inafanywa na jirani kwa ukarimu, tena bila tangazo. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake, nasi tujiulize tunashika zamu ya siku gani.

Baada ya hayo yote, mwezi uliopita nilimuuliza Mwalimu mwenyewe swali mnaloniuliza: Noeli hii anataka zawadi gani? Alinitazama kwa muda, kisha akaanza kuandika kwa macho. Alisema anataka kununua. Nilidhani nimekosea herufi, tukarudia. Alikuwa na fedha zake mwenyewe, naye alitaka kumnunulia mkewe doti ya kanga. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa akimchagulia yeye mwenyewe, na kwa miaka miwili sasa hakumpa kitu.

Mama mmoja wa kwaya alikwenda maduka ya Mchangani, akanakili kwenye daftari majina ya kanga zilizokuwapo, pamoja na rangi zake. Alirudi akamsomea moja baada ya jingine, mkewe akiwa sokoni. Mwalimu alifumba macho kwa jina hili, akafumba kwa lile. Mengine yalimchekesha, na kicheko bado anacho. Ilichukua siku mbili. Jina alilolichagua sitaliandika hapa, kwa kuwa ni siri yake na mkewe hadi sikukuu ifike.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari jinsi tunavyomsaidia ndugu mgonjwa. Tunampa chakula, dawa, maombi na muda wetu, naye anapokea, anapokea, anapokea. Mtu anayepokea tu, bila kupewa nafasi ya kutoa, huanza kujiona mzigo, hata kama hakuna aliyemtamkia neno hilo. Mjane wa Hekaluni alitoa senti mbili, na Yesu hakumzuia kwa kumwonea huruma. Aliiacha sadaka yake iingie katika sanduku pamoja na za matajiri, akaisifu. Mwalimu wetu ana macho mawili na kibao cha herufi. Navyo anatoa.

Kwa hiyo, viongozi wa jumuiya, jibu langu ni hili. Michango yenu inunue betri ya akiba, kwa maana familia imeniambia inahitajika. Gawaneni zamu za usiku, mwandike majina, na anayeandika jina afike. Kisha kila atakayepanda ngazi zile ashike kibao, amuulize Mwalimu kuna nani angependa kumpa kitu, au kumfundisha jambo, au kumwombea, naye awe mikono yake. Msiogope ukimya ulio kati ya herufi moja na nyingine.

Nawatakieni Dominika njema na Majilio yenye baraka. Mungu awabariki nyote, awabariki wagonjwa wetu na wote wanaowahudumia.