Batri Imeharibika

Wiki ya tatu tangu nianze kuendesha, moto yangu ilikataa kuwaka mbele ya lango la chuo. Ilikuwa saa saba mchana, na tulikuwa tumetoka kwenye somo la kauli za vitenzi. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia. Kikalia tik, basi. Nikabonyeza tena, tik, na taa ya mshale wa mafuta ikafifia mpaka ikazimika. Wenzangu watatu walikuwa wakinitazama. Nikajifanya naongea kwa simu.

Moto hiyo ni ya mama kuliko yangu. Mama anauza sambaza katika soko la Kadutu. Zamu yake ya likelemba ilipofika, aliongezea akiba yake akanunua moto ya mtumba kwa jirani anayeimba naye kwaya. Tulipatana kwamba asubuhi nimpeleke sokoni na beseni zake, na jioni nibebe abiria kutoka Nyawera kwenda Essence, mpaka ada yangu itimie.

Niliisukuma hadi kwa fundi aliyekaa kando ya barabara, mita kama mia tatu chini ya chuo.

“Mudogo, moto yako haina moto,” akasema.

Mgeni angeshangaa, lakini hapa Bukavu moto ya kwanza ni pikipiki, tuliyoipokea kutoka Kifaransa, na moto wa pili ni ule unaowasha. Mtaani hata ngeli hatuitunzi sana. Mahali tuliposimama panatosha kutofautisha.

Akafungua kiti, akagusisha kipima umeme kwenye vichwa vya batri. Kikaonyesha volti 10.9. Batri nzima iliyotulia, akanieleza, huonyesha 12.6 hivi.

“Uliachaka kontake wazi?”

“Hapana, yaya. Batri yenyewe imeharibika.”

Hakubisha. Alichukua ufunguo wangu, akauzungusha nusu, akauchomoa. Ufunguo ukatoka, na taa ndogo ya nyuma ikabaki inawaka kwa mbali. Kontake ya moto kuukuu huwa imelika kiasi hicho. Jirani alinionya siku ile ile ya kununua: zungusha mpaka mwisho, kisha angalia nyuma. Mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimechelewa. Taa ilikunywa umeme tangu saa mbili, na batri ya moto ni ndogo.

“Haiyakufa,” fundi akasema. “Lakini usiku huu itie umeme. Ukiiacha tupu siku nyingi, risasi ya ndani inashika ukoko, na hapo hairudi tena. Maji yakipungua, ongeza yale ya batri, yasiyo na chumvi. Asidi usiongeze.”

Kisha akanifundisha kuiwasha kwa mteremko. Weka vitesi ya pili, kwa sababu ya kwanza inaweza kufunga gurudumu la nyuma. Bana ambreaje, acha moto ishuke, ikishika mwendo achia. Mji wetu ni milima mitupu, na siku hiyo nilishukuru. Moto ilikohoa, ikawaka.

Nyumbani hakukuwa na umeme. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa kwetu, na mitambo inazalisha umeme juu yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini mtaa wetu ulikuwa gizani usiku ule na usiku uliofuata. Mama alikuta batri juu ya meza.

“Iko nini?”

“Imeharibika, mama.”

“Yenyewe?”

“Yenyewe.”

Akaketi. Akahesabu kwa vidole: batri mpya, ada, mtaji wa sambaza. Mwishoni akasema, “Kesho nitaenda kwa jirani. Alituuzia kitu kibovu, na tunaimba kwaya moja.”

Nilienda kulala, usingizi haukuja. Asubuhi hiyo mwalimu alikuwa ameandika ubaoni *kuvunja, kuvunjika. Kuharibu, kuharibika*, akatueleza kwamba kauli ya kutendeka humtoa mtenda kwenye sentensi. Kikombe kimevunjika, na hakuna aliyekivunja. Nilinakili mfano huo vizuri sana. Saa chache baadaye niliutumia, kwanza kwa fundi, kisha kwa mama. Mama hakusoma sarufi, lakini alijua kuna mtu anakosekana kwenye sentensi yangu, akamtafuta. Nilipomficha, akamweka jirani mahali pangu.

Alfajiri nilimkuta anafunga kitenge cha kutokea.

“Mama, usiende. Mimi niliiharibu. Niliacha kontake wazi.”

Alinitazama muda mrefu. Akafungua kitenge, akakifunga upya kwa namna ya kazi, akajitwisha beseni, akapanda Kadutu kwa miguu. Mimi nilibeba beseni la pili nyuma yake. Njia nzima hakusema neno.

Umeme ulirudi siku ya tatu. Batri ilikaa kwenye chaja usiku kucha, na asubuhi kipimo cha fundi kikasoma 12.5. Nilifunga waya mwekundu kwanza, kisha mweusi, kama alivyonionyesha. Nikabonyeza, ikawaka.

Tangu siku hiyo, tukifika sokoni mama hashuki mara moja. Hungoja nizungushe ufunguo, kisha hugeuza shingo kuangalia taa ya nyuma.

“Umezima?” huuliza.

“Nimezima, mama.”

Hapo ndipo hushuka.